Kuizunguka Barcelona kwa basi la watalii: utaratibu ninaowapangia wageni wangu

Basi la watalii la Barcelona, lile la ghorofa lisilo na paa juu, huwafurahisha wengine na kuwachosha wengine, na tofauti iko kwenye namna wanavyolitumia. Ukilipanda ili uutazame mji, hela yako haikupotea. Ukiligeuza teksi ya kukutoa hapa na kukufikisha pale, utashinda kituoni ukisubiri na jioni utarudi hotelini hujaona nusu ya ulichokijia. Naishi mji huu, na kila msimu wa joto napokea ndugu na jamaa. Wote nawapangia siku ya basi kwa utaratibu huu huu.

Kwanza uelewe linavyotembea. Bus Turístic, ndilo jina utakaloliona limeandikwa ubavuni, lina njia kuu mbili. Ya buluu inapanda kaskazini: kanisa la Sagrada Família, mtaa wa Gràcia, Park Güell, chini ya mlima wa Tibidabo, Sarrià, monasteri ya Pedralbes, uwanja wa Barça, kisha inarudi katikati ya mji. Nyekundu inaelekea kusini na baharini: stesheni ya Sants, Plaça d'Espanya, kilima cha Montjuïc, bandari, fukwe, bustani ya Ciutadella, hadi pembezoni mwa mji mkongwe. Zote zinapita Plaça de Catalunya, na tiketi moja inatosha kwa njia zote mbili. Mzunguko mzima bila kushuka ni kama saa mbili, na foleni ikikolea huzidi hapo.

Sasa shika hili, maana ndilo linalowakwaza watu wengi: kila njia inazunguka upande mmoja tu. Basi la buluu linafika Sagrada Família mapema na uwanja wa Barça karibu na mwisho. Ukishuka uwanjani halafu ukakumbuka kwamba ulitaka kurudi kanisani, basi halitageuza kwa ajili yako. Litakurudisha kwanza Plaça de Catalunya, lipande tena barabara ya Passeig de Gràcia, ndipo likufikishe. Wakati huohuo, treni ya metro ya L5 inatoka Collblanc, karibu kabisa na uwanja, hadi Sagrada Família bila kubadilisha treni. Kwa hiyo kila mgeni wangu huwa na vitu viwili mfukoni: tiketi ya basi, na kadi ya T-casual yenye safari 10 za metro na mabasi ya kawaida. Kila mtu na yake, kwani kadi hiyo ni ya mtu mmoja na hairuhusiwi kupokezana getini. Basi la watalii ni la kuonea, metro ni ya kurudia.

Jambo la pili linafanyika nyumbani kabla hujafunga begi. Tiketi ya basi haikuingizi popote. Sagrada Família na Park Güell zote zina tiketi za saa maalumu, na msimu wa joto zinakwisha siku kadhaa kabla. Nunua hizo kwanza kwenye mtandao, ndipo uipange siku ya basi kuzizunguka. Ukifanya kinyume chake utasimama nje ya lango unapiga picha za ukuta.

Siku ya kwanza nawapa njia ya buluu, na nawataka wawe Plaça de Catalunya saa tatu asubuhi, kabla umati haujaamka. Pandeni juu moja kwa moja. Kwa wenye macho ya kutazama, Passeig de Gràcia peke yake inalipa ile tiketi. Upande wa kushoto mnapopanda barabara kuna Casa Batlló. Watu walioko chini wanaitazama wakiwa wamekunja shingo, lakini wewe uliye juu ya basi uko karibu kabisa na usawa wa balkoni zake zenye umbo la vinyago, matundu mawili kama macho, na unaziona rangi za vigae zikibadilika kadiri basi linavyosogea. Jengo linaloigusa, lenye paa la ngazi, ni Casa Amatller ya msanifu Puig i Cadafalch. Mbele kidogo geuza shingo kulia: La Pedrera, ile nyumba ya mawe yaliyokunjamana iliyojengwa kati ya 1906 na 1912. Dereva akikutana na taa nyekundu hapo, shukuru.

Baada ya hapo angalia kitu ambacho vipaza sauti vya basi hukigusia kwa haraka mno. Kila mnapokatiza njia panda, kona za majengo hazina ncha. Zimekatwa mshazari, kwa hiyo kila makutano ya barabara yanafunguka kuwa kiwanja kidogo cha pembe nane. Hiyo ni kazi ya mhandisi Ildefons Cerdà, ambaye mpango wake wa mtaa wa Eixample uliidhinishwa mwaka 1859. Alizikata kona hizo ili magari yapinde kwa urahisi na waendao waonane, na kila fungu la majengo lililozungukwa na barabara akalipa ubavu wa kama mita 113, fungu baada ya fungu. Ukiwa chini kwa miguu huuoni mpangilio huo. Unaona ukuta tu. Ukiwa juu ya basi, kona kumi zikishapita, mji mzima unakuingia akilini, na kuanzia hapo hupotei tena. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kulipenda basi hili.

Mzunguko wa kwanza wa buluu msishuke. Najua mtatamani, hasa Sagrada Família ikitokeza, lakini kaeni. Mtapita Park Güell, na nawaomba msishuke hapo pia, kwa sababu kituo kiko mbali na lango na njia ni ya kupanda, na jua la Julai halina huruma. Hifadhi hiyo iwekeeni asubuhi yake, mwende kwa metro ya L3 hadi Vallcarca, ambako sehemu ya mlima ina ngazi za umeme. Tibidabo nayo basi haliifikii kileleni. Kituo kinawaacha chini, na juu kuna reli yake ya mlimani. Uwanja wa Barça umekuwa kwenye ujenzi mkubwa tangu 2023, kwa hiyo mwenye hamu ya kuingia aangalie kwanza ni sehemu zipi zimefunguliwa.

Mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayapatani na ngazi, husema hakuna siku aliyoiona nchi ya watu vizuri kama siku hiyo ya kuzunguka bila kushuka. Alikaa chini, kiti cha dirishani karibu na mlango wa kati, na kila tulipopita jengo aliuliza nani alilijenga na limechukua muda gani. Mkiwa na mzee, msimlazimishe ghorofa ya juu. Ngazi za basi ni nyembamba na basi linapoondoka hutikisika. Mwenye kiti cha magurudumu naye anapandishwa bila shida. Dereva hushusha ubao.

Mzunguko ukiisha, bakini ndani hadi Sagrada Família, safari hii mshuke. Itakuwa karibu na saa sita mchana. Msile pale pale mbele ya kanisa. Shikeni Avinguda de Gaudí, barabara ya waenda kwa miguu inayokata mshazari kuanzia kanisani, mtembee kama dakika kumi hadi hospitali ya zamani ya Sant Pau, kazi ya msanifu Domènech i Montaner, yenye mabanda ya matofali mekundu na kuba za vigae. Njiani kuna mikahawa mingi yenye meza nje. Kula polepole, kwa sababu tiketi ya kanisa nawaambia mchukue ya saa kumi jioni, na kuna sababu.

Vioo vya upande wa mawio vimepakwa kijani na buluu, vya upande wa machweo ni vyekundu na rangi ya chungwa. Asubuhi kanisa lina ubaridi wa chini ya maji. Alasiri jua linaingia upande wa pili, na nguzo zilizochongwa kama miti zinapokea mwanga mwekundu kutoka chini kwenda juu. Zote mbili ni nzuri, lakini mtu akiwa na nafasi moja tu, mimi humpeleka alasiri. Ujenzi ulianza 1882, msanifu Gaudí akaushika mwaka uliofuata, akagongwa na tramu Juni 1926 na kufariki siku tatu baadaye. Kaburi lake liko humo humo chini. Mwaka 2025 mnara wa kati ulilipita kanisa la Ulm la Ujerumani, na sasa hili ndilo kanisa refu kuliko yote duniani. Hata hivyo Gaudí alitaka mnara huo uwe chini kidogo ya kilima cha Montjuïc, kwa kuwa kazi ya mwanadamu haipaswi kuipita kazi ya Mungu. Kumbuka hilo kesho yake ukiwa juu ya kilima chenyewe.

Siku ya pili ni njia nyekundu, na hii mnaweza kushuka bila hofu kwa sababu vituo vya Montjuïc viko karibu karibu na vinashuka kwa mfuatano. Shukeni MNAC, jumba la sanaa lililo juu ya ngazi kubwa. Hata asiyependa makumbusho asimame barazani: mji wote uko miguuni pake. Mkipanga iwe Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri kuingia ni bure, na ndani kuna michoro ya ukutani iliyobanduliwa kutoka makanisa madogo ya milima ya Pirenei ya karne ya 12. Yule Kristo wa Taüll, mwenye macho makubwa yanayokutazama popote unaposimama, nimekwenda kumwona mara nyingi na bado hanichoshi.

Kutoka hapo kwenda uwanja wa Olimpiki ni mwendo mfupi kwa miguu. Hapa mimi husimama kidogo. Agosti 1992, kwenye mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, Wakenya walichukua medali zote tatu katika uwanja huu: Matthew Birir, Patrick Sang, William Mutwol. Sang ndiye baadaye aliyemfundisha Eliud Kipchoge. Siku hiyo hiyo, humo humo, Derartu Tulu wa Ethiopia alishinda mita 10,000 na kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki. Vipaza sauti vya basi husimulia usanifu wa majengo. Hayo mwambie mwanao mwenyewe.

Mkipanda tena kuteremka kuelekea bandarini, kaeni upande wa kulia. Kuanzia sanamu ya Columbus hadi Port Olímpic bahari iko upande huo, na upepo wake unafuta joto lote la kilimani. Kofia ifungwe kidevuni au iwekwe begini. Mkifika kituo cha Barri Gòtic shukeni na muachane na basi kabisa, kwa sababu vichochoro vya mji mkongwe havipitiki kwa gari. Ingieni kanisa kuu, muulizie ua wa ndani wenye bata bukini 13, idadi ya miaka aliyokuwa nayo Mtakatifu Eulàlia alipouawa. Watoto hawasahau. Vichochoroni na vituoni penye msongamano mikoba iwe mbele, kifuani, na simu isikae mfuko wa nyuma.

Yaliyobaki ni madogo. Maelezo ya hedifoni yapo kwa lugha nyingi za Ulaya na Asia, lakini Kiswahili hakimo. Anayejua Kiingereza akae katikati ya wenzake. Kabla ya kulipa tiketi ya siku mbili, soma kama siku hizo ni za kalenda na kama lazima zifuatane, maana tiketi ya siku ya kalenda ukiianza saa kumi jioni umejinyima. Na asubuhi unapopanda, muulize dereva basi la mwisho linapita kituo chako saa ngapi, kwani saa za majira ya baridi hazilingani na za joto, na baada ya hapo itakubidi urudi kwa metro.