Kabla hujanunua betri nyingine, pima dainamo ya trekta

Trekta linaloegeshwa kwenye mteremko kila jioni lina jambo lake. Mzee mmoja wa Mwakirunge, Mombasa, alikuwa na Massey Ferguson 35, na kila asubuhi vijana wake waliliondolea jiwe la gurudumu literemke ndipo liwake. Betri alishanunua mbili. Fundi alikuwa amemwambia dainamo, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, imeungua, atafute nyingine. Tulipoifungua, kaboni moja, kile kipande kinachopokea umeme, ilikuwa imekwama kwenye nyumba yake kwa vumbi lililochanganyika na oili, haigusi komuteta, yaani ile duara ya vipande vya shaba inayozunguka ndani. Tukaisafisha kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ikaanza kuteleza vizuri, tukairudisha. Usiku ule trekta lililala uwanjani, pahali tambarare.

Masika yakikaribia kila mtu anataka kulimiwa siku moja, na hapo ndipo pesa hutupwa ovyo. Betri isiyojaa si lazima iwe mbovu, na dainamo isiyochaji si lazima iwe imeungua. Mita ya kawaida ya umeme itakwambia ukweli kabla hujafika dukani.

Anza na betri injini ikiwa imezimwa. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Washa, kanyaga mafuta hadi mzunguko wa kati, upime tena. Ikipanda kati ya 13.8 na 14.5, chaji inafika na ugonjwa uko kwingine. Ikibaki pale pale au ikishuka, endelea. Usipime kwa mzunguko mdogo ukakata tamaa: dainamo, tofauti na alteneta (mashine ya kuchaji ya magari ya kisasa), haitoi cha maana injini inaponguruma polepole.

Kwetu pwani mshukiwa wa kwanza ni chumvi ya hewani. Kuanzia Likoni hadi Kisauni, vichwa vya betri huota ukoga wa kijani, na pale waya wa ethi, unaounganisha betri na bodi ya trekta, ulipofungwa huingia kutu chini ya boliti usiyoiona. Kwa macho waya ni mzima; umeme haupiti. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha pakaa grisi juu. Vichwa vya betri vioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, maji yasiingie ndani ya betri. Ukiondoa waya za betri, anza na wa ethi. Ukirudisha, umalizie na huo huo. Halafu bonyeza mkanda wa feni katikati: ukizama zaidi ya sentimita mbili, umelegea, nao hauwezi kuizungusha dainamo barabara.

Sasa dainamo yenyewe. Matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yana dainamo ya Lucas yenye tamino mbili, yaani ncha za kufungia waya, kubwa ya D na ndogo ya F. Ondoa waya zote mbili na uzitie alama. Unganisha D na F kwa kipande cha waya, kisha weka mita kati ya hapo na mwili wa dainamo. Washa injini, uongeze mzunguko taratibu. Volti zinapaswa kupanda haraka bila kuyumba. Zisipite 20, na usizifukuze kwa kukanyaga mafuta. Mizunguko 1,000 kwa dakika inatosha. Mita ikikaa kwenye sifuri, angalia kaboni. Ikisoma nusu volti hadi volti moja, shaka iko kwenye koili za fildi, zile nyaya zilizosukwa zinazotengeneza sumaku ndani. Ikisimama kwenye 4 au 5, amecha, sehemu ya ndani inayozunguka, ndiyo yenye kasoro, na hiyo mpelekee fundi wa kusuka mota. Na tafadhali, kazi hii usiifanye umevaa kikoi. Feni haichagui.

Komuteta ikiwa nyeusi, isafishe kwa msasa laini wa karatasi. Msasa wa kitambaa wa kusugulia chuma usiutumie, kwani chembe zake hupitisha umeme na hunasa kati ya vipande vya shaba.

Dainamo ikipanda volti vizuri lakini betri haipati kitu, nenda kwenye kisanduku cha katauti, swichi inayounganisha dainamo na betri inapochaji na kuzitenganisha injini ikizimwa. Kina tamino ya E, ambayo lazima ipate ethi safi. Ikiikosa, katauti haifungi na chaji haitoki humo ndani. Nimeona visanduku vikibadilishwa bure kwa kosa hili tu. Kinyume chake pia hutokea: pointi za katauti hugandana, na injini ikizimwa betri inarudisha umeme kwenye dainamo usiku kucha. Waya mnene wa dainamo ukiwa na joto wakati trekta limezimwa, ng'oa waya wa betri mara moja.

Dainamo iliyokaa muda mrefu bila kazi inaweza kupoteza sumaku yake. Ondoa waya wa F, kisha gusisha tamino ya F kwa waya unaotoka kwenye ncha ya betri isiyofungwa ethi, sekunde moja hivi, basi. Hufanywa pia ukigeuza ethi kutoka chanya kwenda hasi, maana mengi ya matrekta haya yalitoka kiwandani na chanya kwenye bodi. Dainamo nyingi za Kimarekani zimefungwa fildi kwa njia nyingine, usizifanyie hivi.

Je, ubadilishe uweke alteneta? Kama unalima usiku kwa taa kubwa, ndiyo. Kwa trekta la mchana lenye stata na taa mbili, mimi ningeitengeneza dainamo. Ukiamua alteneta, hakikisha kwanza ethi ni hasi, la sivyo daiodi zake, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zitaungua kabla hujafika shambani.

Nyuma ya dainamo ya Lucas kuna kitundu kidogo cha oili ambacho wengi hawakijui. Kila unapobadilisha oili ya injini, tia humo matone mawili matatu ya oili nambari 30. Usizidishe. Ikizidi huishia kwenye komuteta, na tunarudi kwa ile kaboni ya Mwakirunge.