Kutuliza roho kwa kayaki Ziwa Tanganyika, anza hivi

Kama kichwa kimejaa na uko Kigoma usitafute mbali, ziwa hilo hapo. Mi nilianza mwaka niliofiwa na baba, usiku silali, nikawa nashuka Katonga alfajiri kukaa tu mchangani, mpaka jamaa mmoja akaniazima kayaki yake ya plastiki akaniambia ingia, zunguka hapo hapo pembeni. Nilirudi nikalala mpaka mchana. Huna kayaki? Mtumbwi mdogo wa kuazima unatosha kabisa.

Kitu kikubwa ni saa. Kukishapambazuka uwe majini, saa tatu uwe umetoka. Mi mara ya pili nilienda saa nane mchana, upepo ukanikuta nimepita mwamba wa mbele, mawimbi yanaingia ndani na mikono imekufa ganzi, sitaki yakukute. Asubuhi unavuma umande, ule upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu, hausumbui ila unakusukuma taratibu kwenda katikati bila wewe kujua, kwa hiyo fuata ukingo, usiende mbali kuliko unavyoweza kuogelea. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane kusi, upepo wa kusini, ikivuma ziwa linachafuka haraka, siku hizo acha. Na hili ziwa kina chake kinafika mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu, hapo hakuna cha kujaribu kusimama.

Ukifika ufukweni salimia wavuvi kwanza. Shikamoo mzee, au mwakeye kama Kiha kinapanda, halafu uliza leo ziwa likoje, mamba au kiboko kaonekana wapi. Wakikwambia leo hapana, rudi nyumbani ukanywe chai. Boya la kuvaa ni lazima hata kama unaogelea kama samaki, na simu ifunge kwenye nailoni mbili, izime.

Kupiga kafi sio nguvu za mikono. Kaa wima, magoti yamekunja kidogo, chomeka kafi karibu na vidole vya miguu, zungusha kiuno, litoe likifika usawa wa nyonga. Ukipinduka usiiache kayaki, ishikilie, inaelea, sukuma miguu kuelekea ukingoni.

Sasa hapa ndo penyewe. Ukishapiga dakika kama ishirini hivi, ACHA. Laza kafi mapajani, usifanye chochote. Watu wengi wanakosea hapa, wanapiga kafi kama wanawahi meli, wanarudi wamechoka na mawazo yako vile vile. Ukiacha utasikia matone yanadondoka kwenye ncha ya kafi, tap, tap, halafu yanaisha, halafu pumzi yako. Usiilazimishe, ihesabu tu mpaka kumi, ukipotea anza tena moja. Mawazo yatakuja, ya ada za watoto, ya msiba, yaache yapite upande wa pili.

Halafu inama uangalie chini. Kule ufukwe wa Jakobsen kwenye mawe maji ni meupe mpaka unaona miamba inapita chini ya kayaki, na visamaki vya mistari vinakwangua ukoga kwenye jiwe, kila kimoja na jiwe lake, kikija kingine kinafukuzwa. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na wewe umekaa juu yao kimya. Mi hicho kitu kilinigusa kuliko ushauri wote niliopewa msibani.

Ukiinua kichwa, tazama Kongo. Huku kwetu jua linatokea nyuma ya vilima kwa hiyo wewe bado uko kivulini, lakini ng'ambo kule vilele vya milima vimeshawaka, na kama mvua imenyesha jana hakuna vumbi, unaona mwanga unashuka mlimani polepole mpaka unagusa maji. Muda huo ndo mitumbwi ya dagaa inarudi, wamekesha na taa zao, wanapunga mkono. Kama mwezi ni mpevu hutawaona, dagaa hawafuati taa usiku wa mbalamwezi, wanapumzika.

Ukitoka saidia kuvuta mtumbwi wa mtu, hata mmoja tu. Mi nikimaliza napitia Kibirizi nanunua dagaa wabichi, nafika nyumbani nguo bado zina maji, mama ananiuliza leo ulifika wapi.