Old Rag kwa siku moja, majani yakiwa mekundu

Mlima Old Rag uko Virginia, Marekani, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Kimo chake ni kama mita 1,000 tu, na namba hiyo huwafanya watu wauchukulie kama matembezi ya jioni. Mzunguko mzima, kutoka maegesho hadi kurudi maegesho, ni kilomita 15 hivi. Ila karibu na kilele kuna kipande cha kama kilomita moja na nusu ambacho miguu peke yake haikifai. Hapo utashika, utajivuta, utakaa kitako ujiteremshe, utajipenyeza ubavu kwenye nyufa. Kipande hicho ndicho kinachoamua uanze saa ngapi, ubebe nini na uende na nani, kwa hiyo ipange siku yako kukizunguka hicho.

Tiketi kwanza. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Novemba kila mpandaji anatakiwa awe na tiketi ya siku hiyo, iliyonunuliwa mapema kwenye tovuti ya Recreation.gov. Bei yake ni ndogo, lakini haijumuishi kiingilio cha hifadhi. Usitegemee kuinunua ukishafika, maana huko mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Ihifadhi kwenye simu au ichapishe. Na mbwa abaki nyumbani: haruhusiwi kwenye njia za mlima huu.

Rangi za majani kwa kawaida hushika kasi katikati na mwishoni mwa Oktoba, na wikendi za wakati huo watu hujaa hadi foleni zinatokea kwenye nyufa nyembamba. Ukiweza kupata Jumanne au Jumatano, chukua. Utafaidi zaidi kuliko yule aliyengoja Jumamosi yenye rangi kali kuliko zote.

Sasa saa. Mwishoni mwa Oktoba jua huchomoza hapo kama saa moja na nusu asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Mzunguko huchukua saa saba hadi nane kwa mtu wa kawaida anayepumzika na kupiga picha. Mimi hutaka kundi langu liwe linatembea mwanga unapoingia tu. Halafu kumbuka kwamba Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, na kuanzia siku hiyo jua linazama kama saa kumi na moja na dakika tano jioni. Anayeanza saa tano asubuhi mwezi Novemba atamalizia msituni gizani. Tochi ya kichwani ni lazima kwa kila mtu, hata mkianza alfajiri. Mwanga wa simu haufai, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi, na baridi hula chaji haraka.

Begi liwe dogo na likae mwilini. Begi pana litakwama kwenye ufa, na vitu vinavyoning'inia nje vitanasa. Vijiti vya kutembelea viwe vya kukunjika ili viingie ndani mnapofika kwenye mawe. Maji lita 2 hadi 3 kwa mtu, yote kutoka nyumbani. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja. Ongeza sweta, jaketi la kuzuia upepo na mvua, glavu nyembamba na filimbi. Kileleni huwa na baridi zaidi ya maegeshoni kwa nyuzi nne au tano za Selsiasi kwa sababu ya kimo pekee, na upepo huongeza yake. Usivae pamba mwilini. Pamba ikilowa jasho haikauki, na ukisimama dakika kumi juu ya jabali utatetemeka.

Mwambie mtu aliyebaki nyumbani njia mnayopita na saa ambayo, asipowasikia, apige simu ya dharura ya hifadhi: 1-800-732-0911.

Pandeni kwa Ridge Trail, yenye alama za bluu, na mteremke kwa Saddle Trail. Uongozi wa hifadhi unashauri hivyo, na ni ushauri mzuri: mawe haya ni rahisi zaidi kuyapanda kuliko kuyashuka, na watu wakienda upande mmoja hawasukumani penye njia ya mtu mmoja. Sehemu ya chini ni msitu wenye kona za kupanda polepole. Nendeni mwendo wa kuweza kuzungumza. Anayeshindwa kumaliza sentensi anatumia nguvu atakazozihitaji juu. Majani yaliyopukutika yanafunika mizizi na mawe, kwa hiyo kanyaga kwa soli nzima.

Mahali pa kwanza palipo wazi, kabla ya kuanza kushika mawe, simamisha watu wote. Kuleni, mkojoe, fungeni kamba za viatu upya, wekeni vijiti ndani. Tazama mawe yenyewe. Yakiwa yamelowa, au kuna dalili ya mvua au barafu, geuzeni. Graniti iliyolowa inateleza vibaya, na mtu akivunjika mguu katikati ya mawe haya uokoaji huchukua saa nyingi. Njia ya nyuma ya Saddle Trail itawafikisha kilele kile kile siku nyingine bila kupita kwenye majabali.

Kwenye mawe, mtu mwenye miguu mifupi kuliko wote namweka wa pili, nyuma ya mtu mwenye nguvu. Wa mbele atampa mkono, wa nyuma atampa bega la kukanyagia, na mwendo wa kundi utakuwa wake. Viungo vitatu viwe vimeshika mwamba kila wakati: mikono miwili na mguu, au miguu miwili na mkono. Jaribu shiko kabla ya kulikabidhi uzito wako. Usitie mkono pale usipopaona, kwani nyoka wenye njuga mkiani wanaishi humu, na siku za jua la Oktoba bado hutoka kuota. Mkifika penye foleni, ngojeni. Asiyejiamini apewe muda wake wote, na wale wa nyuma wasimharakishe.

Kuna mahali utajikuta unapanda ngazi halisi kati ya kuta mbili zilizonyooka. Hapo napenda kuwasimamisha watu. Graniti ya kuta hizo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Baadaye miamba iliyoyeyuka ilipanda kutoka chini, ikajipenyeza kwenye nyufa na kuganda kuwa basalti. Basalti huliwa na mvua na baridi upesi kuliko graniti, ikamomonyoka vipande vipande, na hiyo ndiyo ngazi unayoikanyaga.

Msitangaze kufika mapema. Kuna vilele vya uongo, na aliyejitutumua kwa kile cha kwanza huvunjika moyo. Fuateni alama za bluu hadi kibao cha kilele chenyewe. Vaa sweta mara tu unapofika, kabla hujahisi baridi. Usikae ukingoni kwa ajili ya picha, na usiache mabaki ya chakula: dubu weusi wako katika msimu wa kujishindilia mbegu za mialoni, na hatutaki wazoee vyakula vyetu.

Kushuka kwa Saddle Trail ndiko watu wengi huteleza, kwa sababu akili imeshatulia na majani yamefunika njia. Toa vijiti, fupisha hatua, piga goti kidogo. Chini mtaingia Weakley Hollow Fire Road, barabara ya msituni, pana na ya mteremko mpole, ndefu kuliko unavyotarajia. Magoti yataanza kupumua.

Mkifika kwenye gari, mpigieni yule wa nyumbani mara mtandao unaporudi. Kisha kagueni miili: nyuma ya magoti, kiunoni, makwapani, kwenye nywele. Kupe wa kulungu, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme (maambukizi ya bakteria), huwa hai Oktoba na Novemba. Ukimkuta, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, na ukiona wekundu unatanuka hapo siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.