Nairobi hadi New York: utakaa hewani saa ngapi hasa?

Kazi yangu ni kukata tiketi, hapa Mombasa, na wazee wanaokwenda kuwaona watoto wao Marekani huniuliza swali hilo kabla hata ya nauli. Wana haki. Mwenye sukari anapanga dawa zake kwa saa, na mama mwenye mtoto mchanga anahesabu nepi na maziwa.

Anza na umbali. Ramani ya ukutani itakudanganya: ukiweka rula, mstari unapita Nigeria na Mali. Tafuta ile tufe ya shuleni, uvute uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili. Utauona unapandia Sudan, Chad na Aljeria, unatokea Moroko, ndipo unavuka Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi, kilomita 11,800 na ushee. Rubani huikwepa hapa na pale kwa sababu ya hali ya hewa au anga iliyofungwa, kwa hiyo safari yenyewe huzidi kidogo.

Gawanya kwa 900, mwendo wa kawaida wa Boeing 787 kwa saa. Unapata saa 13 na dakika chache. Ongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Bado upepo. Huko juu huvuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Ndiyo maana ndege ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, hupangiwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Sasa tiketi, na hapa naomba utulie. Tuseme imeandikwa kuondoka 23:30, kufika 06:30. Ukitoa tu, utapata saa saba, na si kweli, kwa kuwa kila saa ni ya mji wake. Zote zigeuze ziwe za Nairobi. Wakati wa baridi New York iko nyuma kwa saa 8, basi 06:30 ya kule ni saa nane na nusu mchana huku. Toka saa tano na nusu usiku hadi hapo ni saa 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele. Tofauti inakuwa 7.

Tarehe nazo uzichunge sana. Tiketi ya 00:30 tarehe 15 inakutaka uwanjani jioni ya tarehe 14. Mimi huandika juu ya bahasha, kwa kalamu nyekundu: "usiku wa kuamkia tarehe 15, toka nyumbani tarehe 14."

Na wewe wa Mombasa, hesabu ya dawa usiianzie Nairobi. Ndege ya kwenda huko ni kama saa nzima, treni ya SGR saa tano hadi sita, kisha kuna kungoja. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye sanduku.