Injini Hulika Zaidi Ikiwa Baridi: Hatua za Kuendesha Bila Kuisaga

Madereva huhofia safari ndefu. Mimi fundi nikifungua kifuniko cha valvu na kukuta tope jeusi, mara nyingi gari hilo ni la kwenda karibu na kurudi.

Hatua ya 1: Pima oili. Gari liwe mahali tambarare. Vuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ifute, irudishe, vuta tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi sana, krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) huipiga ikawa povu, na povu halilainishi kitu.

Hatua ya 2: Washa, usipige resi. Gari likilala, oili hushuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), na pampu huhitaji sekunde chache kuipandisha juu. Taa nyekundu ya oili isipozimika upesi, zima injini.

Hatua ya 3: Baada ya nusu dakika, ondoka taratibu. Hapa hubishana nami wengi waliozoea kuacha gari lingurume dakika kumi. Desturi hiyo ilikuwa ya kabureta, kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, ikapenya kwenye ringi (pete za pistoni) na kuishia kwenye sampo. Injini isiyo na mzigo hupata moto polepole, kwa hiyo unarefusha madhara hayo. Endesha kwa upole, mizunguko isizidi takribani 2,500 kwa dakika. Mshale wa temprecha usikudanganye: unapima maji, si oili. Maji yakikaribia nyuzi 90, oili bado iko nyuma. Vumilia dakika nyingine tano kabla ya kukanyaga mafuta.

Hatua ya 4: Unganisha safari fupi. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Injini ikizimwa kabla haijapata moto vizuri, mvuke huo hugeuka maji ndani ya oili. Ndiyo asili ya lile tope. Maliza shughuli zako kwa mzunguko mmoja. Ikishindikana, badili oili mapema. Kitabu cha gari kwa kawaida huwa na ratiba ya matumizi magumu, na safari fupi, vumbi na foleni zote zimo. Foleni hasa huwaponza watu: kilomita hazisogei, injini inazunguka.

Hatua ya 5: Shusha gia mlimani. Kung'ang'ania gia kubwa huku gari likitetemeka si kubana mafuta. Mzigo ni mkubwa, mizunguko ni michache, na utando wa oili kwenye beringi unakuwa mwembamba. Kwenye injini ndogo zenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), mafuta yanaweza hata kulipuka kabla ya plagi kuwaka, na mlipuko huo huweza kuvunja pistoni.

Hatua ya 6: Kwa wenye turbo tu. Ukitoka kupanda mlima au mwendo mkali, iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika moja kabla ya kuzima. Oili ikisimama ndani ya turbo lenye moto, huungua ikawa masizi magumu. Kama dakika za mwisho uliendesha polepole, zima tu.