Banda la kuku kwa baridi ya Newala: ziba upepo, usizibe hewa

Juni ikiingia, uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara, hubadilika. Newala na Tandahimba huamka na ukungu, umande hudondoka kwenye mikorosho hata jua likishatoka, na upepo wa kusi hupiga usiku kucha. Ndipo wafugaji wanapoanza kulalamika: kuku wanapiga chafya, macho yamevimba, vifaranga wamekutwa wamelaliana kwenye kona wakiwa wamekufa. Ukienda kuangalia, mara nyingi unakuta banda limezungushiwa turubai pande zote, dirisha limezibwa kwa magunia, na mlango ukifunguliwa tu harufu inachoma macho.

Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema. Lakini kuku mkubwa haogopi baridi ya Newala. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41, na manyoya yake yakiwa makavu yanamtosha. Kule Kanada, ambako theluji huanguka, wafugaji huacha matundu ya juu ya banda wazi hata katikati ya baridi kali. Kinachomwangusha kuku ni upepo unaompiga akiwa amelala, na unyevu.

Unyevu ndio wenye madhara zaidi, na ndio tusioufikiria. Kuku hutoa maji usiku kucha kwa pumzi na kwa kinyesi. Banda likizibwa kabisa, mvuke huo unapanda, unakutana na bati la baridi, kisha unarudi chini matone matone, sawasawa na mfuniko wa sufuria. Migongo inalowa, maranda yanalowa, na kinyesi kibichi kinatoa hewa ya amonia. Amonia ndiyo ile harufu inayochoma. Inaharibu koo na njia ya hewa ya kuku, na baada ya hapo mafua yanaingia bila kizuizi.

Kwa hiyo banda la huku juu lijengwe hivi. Kusi inatoka kusini mashariki, basi ukuta wa kusini na wa mashariki uwe mzima kuanzia sakafuni. Mianzi iliyokandikwa udongo inatosha kabisa, haina haja ya tofali za saruji. Mlango na dirisha viwe kaskazini. Kwa wenye nyumba ukingoni mwa uwanda, upande wa Shimo la Mungu, lile bonde kubwa la Newala, ambako upepo haupati kizuizi, banda likae nyuma ya nyumba au nyuma ya mikorosho iliyoshonana.

Kisha acha uwazi juu, kati ya ukuta na paa, kiasi cha kiganja kimoja, upande wa kaskazini na magharibi. Uwazi huo uwe juu kuliko kichwa cha kuku aliyelala, na usizibwe mwaka mzima. Weka wavu wenye matundu madogo, kwa sababu nyoka, panya na kicheche wote wanapita kwenye wavu wa matundu makubwa. Paa la nyasi ni zuri kuliko bati kwa baridi na kwa joto pia. Kama una bati tayari, tandaza nyasi kavu juu yake au weka dari ya mianzi chini yake.

Fito za kulalia nyingi nimeziona nyembamba mno. Chagua mti wa upana wa sentimita 5 hivi, ubapa kidogo kwa juu, ili kuku akilala manyoya ya tumbo yafunike vidole vyake. Kila kuku apate sentimita 20. Fito zote ziwe kimo kimoja, la sivyo watagombania ya juu. Kwa banda la kulala tu, mita moja ya mraba inatosha kuku 5 au 6. Ukizidisha, unyevu unazidi.

Chini tandika maranda makavu, pumba za mpunga au maganda ya karanga, unene wa vidole vinne. Maganda ya korosho usiyatumie hata kama yamejaa uani: mafuta yake yanaunguza ngozi, na miguu ya kuku haitapona.

Vifaranga ni habari nyingine. Hao baridi inawaua kweli. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya yakamilike. Watengenezee kinengunengu, yaani kizimba cha kulelea vifaranga kwa joto, kiwe cha duara, kisicho na kona za kurundikana. Ukitumia jiko la mkaa, washia nje hadi moshi uishe ndipo uliingize, na uwazi wa juu ubaki wazi, maana hewa ya mkaa inaua vifaranga na mtu pia. Wakirundikana chini ya joto, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni wakihema, limezidi.

Ili kupima kazi yako, ingia bandani alfajiri kabla hujafungua kuku. Chuchumaa hadi kimo cha fito, vuta pumzi, kisha gusa paa kwa ndani. Macho yakiwasha au mkono ukitoka na maji, ongeza uwazi juu siku hiyohiyo na ubadilishe maranda.

Miezi hiyo ndiyo pia tunapopulizia salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Siku ya kupulizia, kuku wafungiwe hadi vumbi litue, na maji yao yamwagwe, yawekwe mapya.

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) wapate Mei, kabla baridi haijakaza, tone moja jichoni, halafu kila baada ya miezi mitatu. Chanja kuku wasio wagonjwa tu. Elewaneni majirani mnunue pamoja, kwa sababu kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na kikishafunguliwa si cha kutunza.