Somo: Kujenga upya injini ya minibaiki ya 196 cc, na mpangilio wa kuiongezea nguvu

Injini tunayoshughulika nayo ni ya silinda moja iliyoinama, yaani Honda GX200 na ndugu zake wa Kichina. Kwetu inajulikana zaidi kwenye pampu ya maji na mashine ya kushindilia udongo. Wapenzi wa minibaiki (pikipiki ndogo za kuchezea) wa Marekani waliihamia baada ya zile Tecumseh na Briggs & Stratton za farasi 5 za zamani. Kipenyo cha silinda ni 68 mm, mwendo wa pistoni 54 mm, kabano (kiasi silinda inavyoubana mchanganyiko) 8.5:1. Kama yako ni 212 cc (70 × 55), hatua ni zile zile, lakini pistoni na ringi zake haziingii hapa.

Neno moja kuhusu mpangilio, maana ndipo injini nyingi zinapokufa. Kung'oa gavana, kifaa kinachozuia mizunguko isizidi kiasi, hakugharimu kitu, kwa hiyo watu huanza nayo. Injini ya kiwandani imepangiwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Ukiipeleka 5,400 umeongeza mwendo mara moja na nusu, lakini mvuto unaotaka kuichana konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu) umepanda mara 2.25, kwa sababu unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Konrodi ya kiwandani ni alumini ya kumiminwa, flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa krenki) ni chuma cha kumiminwa. Kwa hiyo gavana ni kazi ya mwisho, na kuna injini ambazo haifai kuiondoa kabisa.

Vifaa: soketi za 8, 10, 12 na 14, spana ya toki inayosoma kuanzia 10 Nm, fila geji (vibapa vya kupimia nafasi), venia au maikromita, pula ya flaiwili, kibano cha ringi, unga wa kusagia valvu, gasketi seti nzima na oili sili mbili za krenki. Usijaribu kazi hii bila spana ya toki. Bolti za konrodi zinakazwa 12 Nm tu, na mkono uliozoea nati za gurudumu unazinyonga bila kujua.

1. Kupima kabla ya kufungua

Vuta kamba polepole na usikilize. Hewa ikitokea kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haikai. Ikitokea nyingi kwenye ekzosi, huenda ni ya kutolea, ila kidogo inaweza kuwa ya kile kifaa cha kamshafti nitakachokitaja sasa hivi. Ikitokea kwenye tundu la oili, ni ringi. Geji ya kabano itakudanganya hapa, kwa kuwa kamshafti (shafti inayofungua valvu) ina kifaa kinachoinua kidogo valvu ya ekzosi wakati wa kuwasha ili kamba ivutike, hivyo namba huwa ndogo hata injini ikiwa nzima. Jaribio la kweli ni kijiko kimoja cha oili ndani ya tundu la plagi: kabano ikipanda papo hapo, tatizo ni ringi au silinda. Isipopanda, tazama valvu na gasketi ya hedi.

2. Kufungua

Mwaga oili, toa tangi, kabureta, ekzosi na kava ya feni. Ili krenki isizunguke wakati wa kulegeza nati ya flaiwili, ingiza kamba laini kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa inapanda kwenye kabano, kisha zungusha hadi ikwame. Usichomeke bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili. Yakivunjika haipo tena sawa kwa uzito. Vuta kwa pula na utunze kile kifunguo cha nusu mwezi kinachoshikilia flaiwili mahali pake kwenye krenki.

Hedi ina bolti nne. Weka pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu) kwenye kadibodi yenye matundu, kila moja na jina lake. Ukifungua kava ya pembeni, geuza injini ili tapeti, vile vikombe vilivyo kati ya kamshafti na pushirodi, zisidondoke unapotoa kamshafti. Angalia pia vioshi vyembamba vilivyonasa kwenye kava. Watu huvitupa na gasketi kuukuu, halafu krenki inacheza mbele na nyuma.

Kabla ya kutoa konrodi, piga picha. Kile kijiko kilicho kwenye kofia ya konrodi ndicho kinachorusha oili, injini hii haina pampu ya oili. Kofia ikigeuzwa, umejenga injini kavu.

3. Vipimo vinavyoamua matumizi ya pesa

Silinda mpya ni 68.000 mm, mwisho wake 68.165. Pima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa kukingamana, kwa sababu huwa inaliwa zaidi upande mmoja. Nafasi kati ya pistoni na silinda isizidi 0.12. Sukuma ringi ndani kwa kutumia kichwa cha pistoni ikae sawa, halafu upime mwanya wake: 0.2 hadi 0.4 ni mpya, 1.0 ni takataka. Silinda ikizidi, fundi wa mashine ya kuchongea aipanue kwa pistoni ya saizi ya juu (0.25, 0.50 au 0.75), nawe umpelekee pistoni mkononi kabla hajagusa chuma.

Shingo ya krenki ni 30 mm, mwisho wa kuvumilika ni 29.92. Konrodi hapa haina beringi wala bushi upande wa krenki, alumini inazunguka moja kwa moja juu ya chuma. Ikiwa imewahi kukosa oili, utakuta alumini imeganda shingoni kama rangi ya fedha. Usiikwangue kwa tupa. Paka kostiki soda kwa brashi, inakula alumini na kuacha chuma, kisha osha, msasa wa 600 wenye oili, pima upya. Vaa glavu na miwani, na isiguse bloku. Bloku nayo ni alumini.

Beringi za krenki ni 6205. Zioshe kwa petroli, zikauke, zizungushe kwa kidole. Ikikwaruza, badilisha, hazina bei ya kuogopesha.

4. Hedi

Saga valvu kwa unga laini mpaka upate mstari wa kijivu usiokatika, upana kama 0.8 mm. Mimina petroli kwenye mlango wa hewa, subiri dakika tano. Ikivuja, rudia. Kuchonga milango ya hewa kuwa mikubwa kunapendwa sana, lakini faida yake kubwa iko kwenye kulainisha ukingo mkali chini ya kiti cha valvu, si kwenye kupanua tundu. Ukipanua sana, hewa inapoteza kasi na injini inakuwa nzito chini, mahali ambapo minibaiki inahitaji nguvu.

5. Kufunga

Pitisha honi (mawe ya kukwaruza ukuta wa silinda) silindani, mistari ikutane kama herufi X, halafu osha kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haiondoi mchanga wa honi, na mchanga huo unakula ringi mpya haraka.

Ringi ya juu ndiyo ya kung'aa, ya pili ni nyeusi, herufi ziangalie juu. Tawanya mianya nyuzi 120. Pembetatu iliyo juu ya pistoni ielekee upande wa pushirodi. Kaza konrodi 12 Nm kwa awamu mbili, zungusha krenki baada ya kila awamu. Ikikaza, simama hapo hapo.

Nukta ya giya ya kamshafti ikutane na nukta ya giya ya krenki, ana kwa ana. Kava ya pembeni isipoingia milimita tatu za mwisho, usiivute kwa bolti: giya ya gavana haijakutana na mwenzake. Itikise, itaingia yenyewe. Bolti za kava na za hedi zote ni 24 Nm, hedi kwa kukingamisha na kwa awamu tatu. Nati ya flaiwili 75 Nm, kwenye koni safi isiyo na tone la oili.

Koili iwe 0.4 mm kutoka kwenye flaiwili, kadi ya biashara inatosha kupimia. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi na pistoni juu kabisa kwenye kabano: ya kuingizia 0.15, ya ekzosi 0.20. Plagi BPR6ES, mwanya 0.7 hadi 0.8. Oili lita 0.6, SAE 30 ya kawaida.

Iwashe, iache ipate joto dakika chache, kisha iendeshe kwa kupandisha na kushusha mzigo. Kuiacha inguruma bila kazi saa nzima kunaisugua silinda ikawa kioo na ringi hazikai. Mwaga oili ya kwanza baada ya saa moja. Vumbi la chuma utakaloliona ni la kawaida, vipande vya kushikika kwa kidole si vya kawaida.

6. Kuongeza nguvu, kwa mpangilio huu

Kwanza hewa na petroli. Filta wazi na ekzosi huru vinaifanya injini iungue kwa mafuta machache, kwa hiyo jeti kuu (tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta) lazima ipande kutoka kama 0.70 mm kwenda 0.85 au 0.90. Nunua jeti, ukitoboa, tumia biti ndogo iliyoshikwa kwa vidole, si drili ya umeme. Soma plagi baada ya kwenda kasi na kuzima ghafla: kahawia ni sawa, nyeupe ni njaa ya petroli, nyeusi kavu ni shibe.

Pili, konrodi na flaiwili za kuchongwa kutoka kipande kimoja cha alumini. Flaiwili ya kumiminwa ikipasuka kwenye mizunguko mikubwa haina kava ya kuizuia, na iko karibu na goti lako.

Tatu, springi ngumu za valvu. Za kiwandani zinaanza kushindwa kurudisha valvu mizunguko ikipita 5,000 na kidogo.

Nne, ndipo gavana. Toa giya ya plastiki na vipande vyake vyote, ziba tundu la mkono wake kwa bolti yenye gundi ya uzi, unganisha kebo ya mafuta moja kwa moja na kabureta. Springi ya kurudisha iwe na nguvu ya kufunga yenyewe ukiachia, na swichi ya kuzima iwe mpinini. Bila viwili hivyo, usiwashe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimetoa injini kwenye pampu ya maji, klachi ya minibaiki haiingii kwenye shafti. Nipige msasa?

Jibu: Usipige. Klachi nyingi ni za inchi 3/4, yaani 19.05 mm, na shafti yako huenda ni 20 mm. Pampu nyingine shafti yake ina uzi wa kufungia pangaboi, hiyo haifai kabisa. Pima kwa venia. Ukiwa na ya 20 mm, tafuta klachi ya 20, au badilisha krenki kwa kuwa umeshafungua. Na angalia bolti ya mwisho wa shafti ya 3/4: ni inchi 5/16 yenye nyuzi 24 kwa inchi. M8 inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inaua uzi.

Swali: Nimefunga kila kitu, kamba inanivuta mkono karibu kunivunja kidole. Mwanzo haikuwa hivi.

Jibu: Pima valvu ya ekzosi kwanza. Nafasi ikizidi, kile kifaa cha kupunguza kabano hakifiki kuinua valvu, unavuta kabano yote. Kama nafasi ni 0.20 sawasawa, toa flaiwili uangalie kifunguo. Kikikatika nusu, moto unawahi na injini inarudi nyuma.

Swali: Moshi wa bluu tangu ifungwe, ringi ni mpya.

Jibu: Kaka, anza na rahisi: oili isizidi ukingo wa tundu injini ikiwa imelala sawa, na bomba la kupumulia lisiwe limekunjika. Likiziba, krenkikesi inasukuma oili juu. Baada ya hapo ni ringi ya pili iliyopinduliwa, au silinda haikupigwa honi.

Swali: Nichanganye oili ya tu-taimu (ya injini za mipigo miwili) kwenye petroli ili kulinda konrodi?

Jibu: Hapana. Mchanganyiko haupiti kwenye krenkikesi ya injini hii, hauifikii konrodi hata tone. Utachafua plagi tu. Konrodi inalindwa na kiwango cha oili, na ukipanda mlima mrefu kile kijiko kinaweza kukosa oili kama kiwango ni kidogo.

Swali: Nina giya 10 mbele na 60 nyuma, tairi 145/70-6. Nitapata mwendo gani bila kung'oa gavana? Na klachi yangu imebadilika rangi ya bluu.

Jibu: Uwiano ni 6, tairi inazunguka mara 600 kwa dakika kwenye 3,600, mzunguko wake ni kama mita 1.1. Ni takriban kilomita 40 kwa saa, na kwa fremu isiyo na springi huo ni mwendo mwingi. Kwa giya hizo klachi isingepaswa kuungua, ila kama unaivuta muda mrefu kwenye mizunguko 1,800 hadi 2,200 inapoanza kushika. Ama ipite hapo haraka, ama weka 65 nyuma. Bushi yake pia idondoshee oili tone moja, moja tu, viatu vya klachi visiloe.